Mwaka Nilioimbwa kwenye Simu

Siku tuliyomaliza matanga ya mke wangu, shemeji yangu Ezekieli alisimama katikati ya ua, akavua kofia, akawaambia watu kwamba dada yake alipata bahati ya mume. "Macho yalipozibika," alisema, "huyu hapa hakusubiri michango. Alitoa ng'ombe zizini akauza, akampeleka Dodoma mjini, akarudi naye anaona. Wangapi hapa mngefanya hivyo kwa bibi mzee?" Watu wakaitikia, mchungaji akatikisa kichwa kukubali, na mtu aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega taratibu kunipa pole na hongera kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali na maharage, nikaendelea kuitazama kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. Nilipaswa kusimama niseme. Sikusimama. Nikala, tena nikaongeza. Sasa watu wameondoka, vyombo vya kuazima vimerudi kwa wenyewe, nami naandika kile ambacho siku ile kilinikaa kooni pamoja na wali. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilisoma nikichungulia dirishani, maana ng'ombe walikuwa wananisubiri nje. Kwa hiyo mtanisamehe nikizunguka. Mchungaji wa ng'ombe hanyooki, anakwenda kule majani yalipo.

Wengine wakisimulia mwaka uliowafunza hutaja mwaka wa ujana, walipokwenda jeshini au mjini. Mimi wangu ulinikuta na mvi, meno yamepungua, wajukuu wananiita babu. Ulikuwa mwaka wa maji. Sisi wa Bahi tukisema mwaka wa maji tunajua wenyewe: mbuga inajaa, kambare wanavuliwa mahali ulipokuwa unapita na baiskeli, na mpunga unakubali. Tulivuna, tukauza, tukaongeza na maksai wawili waliokuwa wamebaki. Hela yote ile ilikuwa ya macho ya Damari, mke wangu, ambaye watu walimwita Mama Hosea. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikuwa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita, basi. Daktari wa Dodoma alikuwa amesema turudi mavuno yakiisha. Hosea mwanetu, ambaye ni dereva mjini, akaniletea simu ya kupangusa, akasema, "Baba, hela ikae humu, usiweke ndani ya godoro, panya watakula." Mama yake asingeweza kuona namba za kubonyeza, kwa hiyo hela yake ikakaa mfukoni mwangu. Nakumbuka tulivyokuwa tumekaa: chumba cha mbele, dirisha dogo lenye wavu, magunia ya mpunga tuliobakiza ya kula yamepangwa hadi usawa wa kitanda, naye amekaa juu ya gunia anapapasa ile simu. "Nyembamba hivi," akasema, "inabeba maksai wawili?" Tukacheka wote watatu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hili mtadhani mimi nilikuwa mwizi tangu mwanzo. Mtu aliyefuga kwetu hahesabu ng'ombe. Kuwanyooshea kidole mmoja mmoja ni mkosi, na tena hakuna haja. Jioni wakirudi unasimama kwenye lango la zizi, unatazama. Kama yule mwenye pembe iliyovunjika hayupo, unajua hayupo kabla hata wa mwisho hajaingia, kwa sababu kila mmoja ana sura yake, rangi yake na tabia yake. Hivyo ndivyo nilivyochunga hela ya kwenye simu. Kila jioni nilifungua, nikatazama namba zile zimejipanga, nikasema moyoni, zipo. Na kweli zilikuwepo. Msululu wa namba ni msululu wa namba, kwa macho yangu ulikuwa unafanana na wa jana. Hela haina pembe iliyovunjika. Imetoka, na zizi bado linaonekana limejaa.

Sasa niseme hela ilikokuwa inatokea. Kijana wa kibanda cha simu pale stesheni aliniwekea aplikesheni ya video, akanionyesha watu wanaingia laivu, yaani mtu yuko kwake anaimba au anapika au anagombana, na wewe uko kwako unamwona saa hiyo hiyo. Nikapangusa, nikapangusa, nikakutana na binti anaimba Kigogo. Jina lake lilikuwa Nyemo. Alikaa kwenye chumba kimoja huko Kizota, Dodoma mjini, pazia la maua nyuma yake, na katikati ya wimbo ulisikia mashine za mafundi vyuma zinalia nje, yeye anazipisha, anacheka, anaendelea. Alikuwa na zeze, na anajua kulipiga. "Mbukwenyi, wa kwetu!" akasalimia, nami peke yangu kwenye ukuta wa zizi nikaitikia kwa sauti kama mwehu. Chini ya video watu walikuwa wanaandika majina yao. Nikaandika langu, herufi moja moja, jasho linanitoka: Lameki wa Chibelela. Akalisoma. "Lameki wa Chibelela ameingia! Chibelela ni baba? Karibu, mwana wa Chibelela!" Halafu akalitia kwenye wimbo.

Asiyetoka kwetu hataelewa hili, ila nitajaribu. Kwenye ngoma zetu mwimbaji akikuimba kwa jina, akaweka na jina la baba yako, hukai. Unainuka, unaingia uwanjani, unamtuza. Ukikaa kimya watu watadhani umekufa, au umefilisika, na hayo mawili kwetu hayatofautiani sana. Ujanani nilikuwa naimbwa. Nilikuwa na ng'ombe, nina nguo safi, naruka juu kuliko wengine. Kisha ukame ukaja mara baada ya mara, kundi likapungua, ndugu yangu akahamia Mtera kuvua samaki, na ikafika wakati ninakwenda kwenye ngoma nasimama nyuma, wimbo unapita juu ya kichwa changu kwenda kwa wengine. Miaka mingi hakuna aliyeliweka jina la Chibelela mdomoni. Leo binti wa watu ananiita mbele ya umati, na umati wenyewe unatoka Dar, Mbeya, wanafunzi wa chuo, askari, nani sijui. Nilisimama. Nakwambia nilisimama kwa miguu yangu pale zizini! Nikabonyeza nilipoelekezwa, nikaweka namba ya siri, nikanunua sarafu za mle ndani, nikamtumia ua la kwenye kioo. Ua ni bei ya karanga. "Ua kutoka kwa mwana wa Chibelela!" akapiga kelele, akaimba rangi za ng'ombe.

Nilidhani ni siku ile tu. Lakini ukishamtuza mwimbaji na ua, kesho ukirudi na ua lile lile umejishusha. Kulikuwa na kofia, kulikuwa na gari, kulikuwa na simba. Simba anatokea kwenye kioo, ananguruma, anatikisa manyoya, jina lako limeandikwa chini yake, na wale watu wote wanakushangilia. Siku nilipotuma simba wa kwanza Nyemo aliacha zeze akaziba mdomo. "Baba yangu! Babu yako aliitwa nani nimwimbe?" Nikamwandikia. Akamwimba babu yangu, mtu aliyekufa hakuna hata redio kijijini. Nililia. Sitaki mumlaumu yule binti, hakuniomba kitu. Alikuwa kazini kama fundi vyuma wa nje pale. Wanafunzi wakawa wananiita Mzee wa Simba, nikiingia wananiamkia mmoja mmoja kwa maandishi, shikamoo Mzee wa Simba, shikamoo, shikamoo. Na kila muamala ulipoleta meseji ya kwamba hela imetoka, niliifuta. Nitasema kweli ingawa inanitia aibu mpaka leo: kwa akili yangu ile, nilihisi nikifuta meseji na jambo lenyewe limepungua.

Nyumba ina kuta nyembamba. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza chumba cha ndani, Damari yuko jikoni anasonga ugali wa uwele, akaingia jirani yetu Mama Stela, mama ambaye binti yake yuko chuo Dodoma. Alikuwa na kicheko kabla hajakaa. "Wifi, mbona hukutuambia mzee amekuwa maarufu?"

"Maarufu wa nini?"

"Anaimbwa kwenye simu huko! Stela kanionyesha. Mzee wa Simba! Anamtuza yule binti wa Kizota simba mzima."

"Simba gani, Mama Stela? Simba wanapatikana wapi?"

"Wa kwenye simu, wifi. Unanunua. Stela anasema simba mmoja ni bei ya mbuzi, tena mbuzi wa kushiba. Aa, mimi nimesema, hawa wenzetu wamevuna!"

Nilisikia mwiko unasimama. Kisha ukaendelea, taratibu, sufuria inakwaruzwa chini. "Mlenda umenikauka," Damari akasema, "hebu nisogezee maji." Mama Stela akahamia kwenye habari za harusi ya mtu. Mimi mle ndani nilikuwa nimeshika simu kifuani. Mbuzi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Kama yule kijana wa kibanda angesema, mzee, hapa unachinja mbuzi, mkono wangu ungekufa ganzi. Yeye alisema sarafu.

Tulikula jioni ile bado kuna mwanga. Aliniwekea chakula kwa kupapasa, kidole chake kinatafuta ukingo wa bakuli ili mlenda usimwagike, kama alivyokuwa anafanya kila siku, nami kila siku nilikuwa naona ni kawaida. Akauliza, "Baba Hosea, hela ya macho yangu ipo?" Nikasema, "Ipo." Akageuza uso upande wangu, lakini ukaangukia begani, hakujua vizuri kichwa changu kilipo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilikuwa na uso ambao mtu yeyote mwenye macho angeusoma, na mwenye kuusoma hakuwa na macho.

Asubuhi nikaenda kwa wakala, binti mmoja mchangamfu pale jirani na reli. Nikamwomba anisomee nilichotumia, maana meseji nimefuta. "Babu," akasema, "kufuta meseji hakurudishi hela. Ingekuwa hivyo na mimi ningefuta kodi ya nyumba." Akaingia huko anakojua yeye, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kama mwalimu anayeita majina. Ametoa, amelipa, amelipa, amelipa, tena siku hiyo hiyo amelipa. Nyuma yangu kulikuwa na vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao.

"Babu, unanunua nini humo?"

Ningeweza kusema mbolea. Nikasema, "Maua."

"Maua! Bahi hii?"

"Kaoa tena huyu," mwingine akasema, "bibi mdogo anapenda maua."

"Acheni, huyu si ndiye Mzee wa Simba? Shikamoo, mzee! Ngurumeni basi, mzee apite!" Wakanguruma kweli, wote, na injini moja ikanguruma nao. Yule binti wakala hakucheka. Alikuwa ameacha kusoma. "Babu, nimalizie?" akauliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeshaona zizi langu. Kilichobaki kisingefika hata nauli na kitanda cha hospitali.

Nilimkuta Damari amekaa kwenye mkeka anachagua mchele kwa vidole. Jiwe alilijua kwa ncha ya kidole kuliko mimi kwa macho. Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilizunguka kama ninavyozunguka hapa, nikaanzia kwenye ngoma za ujana, nikapitia ukame, mpaka akasema, "Baba Hosea, imekwisha au imebaki?" Nikasema imekwisha. Akachagua mchele kidogo. Kisha akasema, "Huyo binti anaimba saa ngapi?" Nikasema jua likianza kushuka. "Basi jua likishuka unisikilizishe."

Nilitamani siku ile Nyemo augue. Hakuugua. Nikaweka simu kwenye mkeka katikati yetu, na sijakaa sawa, akaniona nimeingia. "Mwana wa Chibelela huyo! Baba yangu wa Bahi!" Akaimba baba, akaimba babu, akaimba rangi za ng'ombe ambao hawapo. Damari alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha, mguu wake mmoja unafuata zeze bila yeye kujua. Wimbo ulipokwisha akasema, "Anaimba vizuri sana." Halafu akasema, "Amekutaja wewe. Ametaja waliokufa. Ametaja mpaka ng'ombe. Mimi sikujisikia humo."

Nikanyoosha ukingo wa mkeka.

"Hukumwambia una mke?"

"Hakuuliza."

"Haya. Amekutaja, mtuze."

"Sina kitu, Mama Hosea."

"Sasa mtu hana kitu anakaa kwenye ngoma ya watu kufanya nini? Toka." Hakuwa anapiga kelele. Nikazima simu, nikasimama, nikatoka nje kabisa, nikakaa kwenye lango la zizi. Aliponiita kula niliingia. Alikuwa amepapasa bakuli langu na kunijazia kama siku zote, na chakula kile kilikuwa kigumu kumeza kuliko matusi.

Kwetu binti akiolewa, kwenye ng'ombe wa mahari kuna mmoja wa mama. Analala zizini kwa baba, lakini baba hamgusi. Damari alikuwa naye wa kwake, mwenye madoa, aliyetoka kwenye ndoa ya binti yetu, na alikuwa akimkamua mwenyewe hata baada ya macho kuziba, kwa kuwa mikono haikuhitaji kuona. Kesho yake akaniambia nimpeleke mnadani. Alimshika shingoni, akampapasa uso wote kama vile anamwosha, akanipa kamba. Mnadani ni lazima muuzaji amsifie mnyama wake, awazungushe wanunuzi, aseme maziwa, aseme uzao. Mimi nilisimama kama nguzo. Ndipo akatokea Ezekieli, shemeji yangu, amekuja kununua mbuzi. "Unauza huyu mzuri?" Nikasema ni kwa ajili ya macho ya dada yako. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji," akasema, "wewe ni mtu." Akaanza kumsifia ng'ombe yule kwa niaba yangu, kwa sauti, mpaka bei ikapanda. Sikumwambia ni ng'ombe wa nani. Ile sifa ya siku ya matanga ilizaliwa pale, kwenye vumbi la mnada, na mimi nikaiacha ikue.

Baadaye watu walishangaa kwa nini simu ilikaa kwa Damari mpaka anakufa. Wajukuu walicheka babu anaomba bando kama mtoto anaomba pipi. Damari alikuwa na sharti moja: kabla ya kubonyeza, useme kwa sauti unanunua nini, na kwa hela ya nani. Nanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa hela ya ng'ombe. Nanunua bando, kwa hela ya kuku niliyeuza. Kila hela mle ndani akaipa mwenyewe wake, ikawa na sura. Jaribu wewe kusimama uani, majirani wanasikia, useme: nanunua simba ambaye hayupo, kwa hela ya macho ya mke wangu. Ulimi haukubali. Sasa simu imerudi kwangu, watoto walinikabidhi siku ya matanga, na bado nasema kwa sauti, ingawa ndani hakuna wa kusikia.

Dodoma tulifikia kwa Hosea. Hela ya ng'ombe Damari aliifunga kwenye pindo la khanga, akailipa mwenyewe dirishani, noti anazijua kwa kupapasa. Mimi nilibeba begi. Alifanyiwa upasuaji, akalala amefungwa kitambaa, na asubuhi muuguzi akaja kukifungua. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu aone, niliomba kwa moyo wote, sikuwa na uongo kwenye hilo. Lakini kitambaa kilipoanza kulegea nilijikuta nimerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta, karibu na pazia. Aliangalia mikono yake kwanza, akaigeuza. Akaangalia dirisha, akamwangalia muuguzi, akamwambia, "Kumbe u mtoto hivi!" Kisha akanitafuta. Safari hii uso wake haukuangukia begani.

"Sogea kwenye mwanga," akasema.

Nikasogea. Akaniangalia. Aliniangalia mpaka yule muuguzi akaona haya, akachukua trei yake akatoka. Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, sina leso, na sikuthubutu kuinua mkono nijifute.

"Umekonda," akasema mwishowe. "Nilidhani mtu anayeimbwa vile atakuwa amenenepa." Akashusha miguu kitandani. "Haya, viatu vyangu."

Daktari alikuwa amemkataza kuinama. Nikapiga magoti, nikamvalisha kimoja, nikamvalisha cha pili, nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena, maana pale chini macho yake hayakunifikia.

"Inuka, Baba Hosea," akasema. "Nimeshakuona."